Kaka yangu alikuwa mwembamba, imekuwaje afe kwa ugonjwa wa moyo?

Mpendwa Daktari,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na maswali ambayo nyumbani hakuna anayethubutu kuyauliza kwa sauti. Miezi minne iliyopita tulimzika kaka yangu mkubwa akiwa na umri wa miaka 51. Alikuwa mwembamba maisha yake yote, kitambi hakukijua, na kila siku alikwenda kazini na kurudi kwa miguu, kiasi kwamba sisi wadogo zake tulikuwa tukimtolea mfano. Hospitali ilipouchunguza mwili tuliambiwa kwamba mshipa mmoja wa moyo wake ulikuwa umezibwa na bonge la damu. Tangu siku hiyo sijaacha kujiuliza mtu kama yule anakufaje kwa ugonjwa wa moyo.

Jioni ya mwisho yeye na wifi yangu waligombana juu ya deni ambalo kaka alikuwa amelichukua bila kumweleza mkewe. Wifi anasimulia kwamba ilipofika saa tatu usiku kaka alikaa ukingoni mwa kitanda akijisugua taya kwa kiganja, kijasho chembamba kikimtoka mpaka shati likagandamana na mgongo. Alisema ni gesi, akanywa dawa ya kiungulia, akafungua kifungo cha juu cha shati na kutaka aachwe apumzike. Wifi alitaka kutafuta gari la kumpeleka hospitali, kaka akamkatalia kwa ukali. Alfajiri alimkuta amekwisha kufariki. Sasa ndugu wa upande wetu wanasema wifi ndiye aliyemuua kwa maneno yake, na wapo waliokata hata salamu naye. Mimi simhukumu, lakini sina la kuwajibu.

Ili usikose habari, kaka alianza kuvuta sigara akiwa kijana, ingawa miaka ya mwisho alipunguza hadi mbili au tatu kwa siku. Miaka sita kabla ya kifo chake aliambiwa ana presha, akapewa vidonge, akawa anavimeza siku anazoumwa na kichwa tu. Baba yetu pia alifariki ghafla usingizini akiwa na miaka 54, na wakati ule hakuna aliyetafuta sababu.

Mimi nina miaka 47, nami ni mwembamba kama kaka. Sijawahi kuvuta sigara wala kunywa pombe. Hedhi ilikoma nikiwa na miaka 45. Katika ujauzito wa pili nililazwa mwezi wa nane kwa presha na kuvimba miguu, ikabidi mtoto atolewe kabla ya wakati, lakini baada ya hapo presha ilirudi kawaida nami nikasahau. Kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa. Mara mbili mwaka huu nimepimwa presha kwenye duka la dawa ikawa 146/92, nikaambiwa ni wasiwasi wa msiba. Miaka miwili iliyopita nilipimwa umeme wa moyo na majibu yakawa mazuri. Nasumbuliwa na kiungulia pia: kwa miezi miwili hivi, nikipanda ngazi za ofisini nikiwa na mkoba, hasa nikitoka kula mchana, kuna kitu kinanibana katikati ya kifua na taya la kushoto linakuwa zito. Nikisimama kidogo kwenye ngazi, nikijifanya natazama simu ili wenzangu wasinishangae, baada ya dakika mbili au tatu kinaachia. Mwanzoni kilikuwa kinanipata nikifika ghorofa ya tatu, siku hizi ni ya kwanza tu. Nimeongeza dawa za kupunguza asidi.

Naomba unieleze ni nini hasa kilichomuua kaka, kama maneno ya mke yanaweza kumuua mtu, na ni nani katika familia yetu aliye hatarini. Kaka ameacha vijana wawili wa kiume, wa miaka 24 na 20, na yule mkubwa anavuta sigara kama baba yake.

Ni mimi, mdogo wa marehemu.

*

Mpendwa dada yangu,

Marahaba, na pole sana kwa msiba. Siku barua yako ilipofika nilikujibu faragha kwa sentensi chache, nikikusihi uende hospitali siku ile ile na usipande ngazi yoyote, nawe ukanijulisha usiku kwamba umekwenda na wamekulaza kwa uchunguzi. Nashukuru sana. Hata katika jibu hili la wazi nitaanzia hapo hapo, kwa sababu umeuliza habari za kaka, za wifi na za watoto, ilhali jambo zito kuliko yote ulilipitisha haraka haraka karibu na mwisho, ukalipa jina la kiungulia.

Mwaka 1768 daktari mmoja wa London aitwaye William Heberden aliwaeleza madaktari wenzake juu ya wagonjwa wanaobanwa kifua wanapotembea, hasa wakipanda mlima na wakiwa wametoka kula, kisha wakisimama tu maumivu yanawaachia. Yeye ndiye aliyeyapa maumivu hayo jina la anjina. Linganisha maelezo hayo na ngazi za ofisini kwako, mkoba begani, mchana baada ya kula, na zile dakika mbili tatu za kujifanya unatazama simu. Zaidi ya miaka 250 imepita na ugonjwa bado unajieleza vile vile. Kiungulia kwa kawaida hakihesabu ngazi. Huja ukilala au ukiinama, huunguza kuelekea kooni, na kusimama hakukiondoi. Kinachokuja kwa kazi na kuondoka kwa kupumzika ni lazima kidhaniwe kuwa ni moyo mpaka vipimo vikanushe. Na kinapohama kutoka ghorofa ya tatu hadi ya kwanza ndani ya miezi miwili, maana yake ni kwamba njia ya damu huenda inazidi kuwa nyembamba, na mtu wa namna hiyo hapangiwi miadi ya wiki ijayo. Anaonwa siku ile ile.

Kwa nini ngazi? Moyo ni msuli mkubwa kadiri ya ngumi ya mwenyewe, na ingawa vyumba vyake hujaa damu saa zote, msuli wenyewe hauinywi damu hiyo inayopita. Unalishwa na mishipa yake, miwili inayochipuka pale pale mwanzoni mwa mshipa mkuu utokao moyoni, wa kulia na wa kushoto, na ule wa kushoto unagawanyika mara moja kuwa matawi mawili makubwa. Upana wa mishipa hii mikubwa ni wastani wa milimita 3 hadi 4 tu. Misuli ya mikono na miguu ikipumzika huchukua sehemu ndogo ya oksijeni iliyomo katika damu, ikabakiwa na akiba. Moyo, hata ukiwa umelala usingizi, unachukua kiasi cha asilimia 70. Kwa hiyo kazi ikiongezeka moyo hauna akiba ya kukamua, unachoweza ni kudai damu nyingi zaidi. Mshipa wenye afya hutanuka na kuileta. Mshipa uliobanwa hauwezi, na msuli unaokosa hewa hulalamika kwa ule uzito unaouhisi kifuani, ambao mara nyingi huelekea taya, shingo, bega au mkono. Ukisimama, madai yanapungua, na maumivu yanaachia.

Ndiyo sababu pia kile kipimo cha umeme wa moyo cha miaka miwili iliyopita hakikupi kinga yoyote. Kilipigwa ukiwa umelala kitandani, moyo umetulia, na kilisoma sekunde zile chache tu. Mishipa inaweza kuwa imebanwa sana na karatasi ikatoka safi. Madaktari wako watahitaji kupima damu kuona kama kuna msuli ulioumia, kukupima moyo ukiwa katika kazi au kuipiga mishipa yenyewe picha kwa dawa inayoonekana kwenye mashine, na wao ndio watakaochagua kipi kwanza.

Sasa nije kwa kaka yako, na hapa naomba uniruhusu nirefushe maneno, kwa kuwa jibu la wifi yako limo humu humu.

Watu wengi hufikiri mishipa ya moyo huziba kama bomba la jikoni, mafuta yakijipaka kwa ndani kidogo kidogo mpaka njia ikafungika. Mambo hayaendi hivyo. Lehemu, yaani kolesteroli, hasa ile inayoitwa mbaya, hupenya na kuingia ndani ya ukuta wa mshipa, mahali ambapo utando wake umechakazwa na presha, moshi wa sigara au sukari nyingi katika damu. Seli nyeupe huja kuisafisha, huimeza mpaka zinavimba, kisha hufia pale pale. Mwili hujenga kovu juu ya uchafu huo. Kinachobaki kinafanana zaidi na jipu lililofichwa ndani ya ukuta: katikati yake ni laini na lina mafuta, juu yake pana ngozi, na ngozi hiyo ikiwa nyembamba siku moja hupasuka. Damu ikigusana na yale yaliyomo ndani huona kwamba kuna jeraha, chembe sahani, yaani chembe za damu zinazoziba majeraha, hukimbilia, na bonge la damu hujengeka kwa dakika chache ndani ya njia yenye upana wa milimita 3. Hilo ndilo bonge walilolikuta hospitalini.

Na hili ndilo linalowashangaza wafiwa kila mara: jipu linalopasuka mara nyingi si lile lililoibana njia kuliko mengine. Linaweza kuwa dogo, lisilozuia chochote, ambalo halikumfanya mtu asimame hata mara moja njiani. Ndiyo maana kaka yako aliweza kutembea kazini asubuhi ile ile na usiku akafariki. Wewe mshipa wako umekuonya kwa miezi miwili. Yeye pengine hakuonywa kabisa mpaka ile saa tatu ya usiku.

Majipu haya huchukua muda gani kukua? Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha uchunguzi wa miili ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, vijana waliochaguliwa kwa afya na kufanyishwa mazoezi, na bado zaidi ya robo tatu yao walikuwa na dalili za ugonjwa huu katika mishipa ya moyo, wengine kidogo, wengine kwa kiasi cha kutisha. Ugonjwa ulioonekana siku moja kaka yako akiwa na miaka 51 ulikuwa umeanza, kwa kadiri tunavyojua namna unavyokwenda, kabla hajamwoa wifi yako.

Kwa hiyo, je, ugomvi ulimuua? Nitasema ukweli wote, kwa sababu nusu yake haitamsaidia wifi. Hasira kali hupandisha presha na mapigo ya moyo, na katika mtu ambaye tayari ana jipu lenye ngozi nyembamba, saa hiyo inaweza kuwa ndiyo saa ya kupasuka. Vivyo hivyo inaweza kuwa saa ya kunyanyua mzigo, ya kukimbilia gari, au alfajiri mtu anapoamka, wakati ambao mishtuko ya moyo hutokea kwa wingi bila ugomvi wowote. Mume na mke walioishi pamoja miaka mingi hugombana mara nyingi wasizoweza kuzihesabu, na asubuhi wote wawili huamka. Kilichokuwa tofauti usiku ule kilikuwa ndani ya mshipa. Kumwambia mjane kwamba maneno yake ndiyo yaliyoua ni kumbebesha kazi iliyofanywa na sigara, presha isiyotibiwa na damu ya ukoo kwa miaka 30, na mimi sioni haki katika hilo hata chembe.

Jambo jingine wanalolisahau ndugu zako ni hili: katika chumba kile, mtu pekee aliyetaka gari ni wifi. Msuli wa moyo ulionyimwa damu kabisa huanza kufa ndani ya kiasi cha nusu saa, na huendelea kufa saa baada ya saa, na dawa za kuyeyusha bonge au mrija wa kuufungua mshipa hufaa zaidi kadiri mgonjwa anavyofika mapema. Siwezi kuapa kwamba angepona. Naweza kusema kwamba mwenye kuelewa kilichokuwa kikitokea, bila hata kukijua jina, alikuwa yeye. Kaka yako naye nisimlaumu marehemu. Taya, jasho na hisia ya gesi vimewadanganya hata madaktari vilipowapata wenyewe.

Unaniuliza ni nani aliye hatarini. Swali hili lilianza kujibiwa vizuri mwaka 1948, katika mji wa Framingham huko Marekani, ambako watafiti waliwaandikisha wanaume na wanawake 5,209 wenye umri wa miaka 30 hadi 62 na kuanza kuwafuatilia, wakiwapima kila baada ya miaka miwili ili waone nani atapata ugonjwa wa moyo na alikuwa na nini kabla ya kuupata. Humo ndimo tulimojifunza kuhesabu presha, lehemu na sigara kama mambo ya kumtazamia mtu. Mwaka 2004 utafiti mwingine uliofanywa katika nchi 52, wa watu wa mabara na rangi zote, ulionyesha kwamba mambo 9 yanayopimika yanaeleza kiasi cha asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa kwanza wa moyo kwa wanaume na asilimia 94 kwa wanawake. Lehemu isiyo na uwiano na sigara vilitangulia, vikafuatiwa na kisukari, presha, mafuta ya kiunoni, msongo wa mawazo, ukosefu wa matunda na mboga, kutofanya mazoezi na mazoea ya mtu katika pombe. Mambo haya hayasimami kila moja peke yake. Hujumlishwa, na wakati mwingine huzidishana, na hapo ndipo wembamba unapowadanganya watu.

Mtazame kaka yako kwa hesabu hiyo. Kiuno chembamba kilimfaa, na kutembea kulimfaa pia. Mwaka huo huo wa 1953 daktari Jerry Morris alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva wao waliokaa. Lakini upande wa pili wa mizani palikuwa na sigara, na sigara mbili tatu si chache kama alivyodhani. Anayevuta moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya anayevuta 20. Kupunguza hakushushi hatari kwa kadiri mtu anavyopunguza, kuacha ndiko kunakoshusha. Palikuwa na presha iliyotibiwa kwa maumivu ya kichwa, ilhali presha kwa kawaida haiumi, na siku asizoumwa ndizo siku ilizofanya kazi kimya kimya. Na palikuwa na baba. Mzazi au ndugu wa kiume wa damu moja akipatwa na ugonjwa huu kabla ya miaka 55, au wa kike kabla ya 65, sisi tunaandika kwenye jalada kwamba ukoo una historia ya mapema. Kifo cha baba hakikuchunguzwa, lakini kwa umri wake na namna kilivyotokea, daktari yeyote atakitilia maanani.

Kuna jambo moja la kurithi ambalo ningependa lichunguzwe kwenu mahususi. Kiasi cha mtu mmoja kati ya 250 huzaliwa na kasoro inayolifanya ini lishindwe kuiondoa lehemu mbaya katika damu, hivyo lehemu huwa juu tangu utotoni, ale nini asile nini, awe mnene au mwembamba. Mwenye kasoro hiyo humpa kila mtoto wake nusu ya uwezekano wa kuirithi. Haionekani kwa macho kwa watu wengi. Inaonekana katika kipimo cha damu, ambacho katika barua yako yote sikukiona kwako wala kwa kaka.

Kuhusu wewe mwenyewe, hukuvuta sigara na hilo ni jema sana, lakini hesabu yako si ndogo. Kaka na baba wote wawili. Presha ya 146/92 iliyopimwa mara mbili si wasiwasi mpaka ipimwe siku mbalimbali ukiwa umetulia ikathibitishwa kuwa imeshuka. Katika umri kama wako, kuanzia 115/75, kila nyongeza ya 20 kwa namba ya juu au 10 kwa namba ya chini huenda sambamba na hatari mara mbili ya kufa kwa ugonjwa huu. Hedhi iliyokoma mapema kidogo imekuondolea nafuu ambayo wanawake huwa nayo, maana kwa wastani wanawake hupata mshtuko wa kwanza kiasi cha miaka 9 baada ya wanaume, na nafuu hiyo hupungua hedhi ikishakoma. Na ule ujauzito uliousahau: presha ya mimba iliyokulaza mwezi wa nane, kama ilikuwa ndiyo ile inayotangulia kifafa cha mimba, huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo miaka mingi baadaye kwa karibu mara mbili, hata kama presha ilirudi sawa. Wakunga na madaktari wetu hatuwaambii kina mama habari hii inavyotakiwa, na inaniuma. Mweleze daktari wako leo, aiandike.

Wasomaji wengine walio na kisukari, ugonjwa sugu wa figo, ugonjwa wa viungo unaotokana na kinga ya mwili, au wanaoishi na VVU, nao wajihesabu miongoni mwa walio hatarini, na wenye kisukari wafahamu kwamba kwao moyo unaweza kuumia bila kuuma, ukajionyesha kwa kuishiwa pumzi au uchovu usioelezeka. Wanawake pia hupata dalili kama hizo, pamoja na kichefuchefu na maumivu ya mgongo, mara nyingi zaidi kuliko wanaume, ingawa kifua kubana bado ndiyo dalili kuu kwa wote. Maumivu ya namna hiyo yakija mtu akiwa amekaa, yakapita dakika chache bila kuachia, aite gari la wagonjwa au apelekwe. Asiendeshe mwenyewe, asilale kusubiri gesi itoke, na kama hana mzio wa aspirini wala hakukatazwa, atafune kidonge cha miligramu 300 wakati msaada unakuja. Aspirini ya kila siku kwa mtu asiyeandikiwa ni suala jingine, kwa maana huweza kuvujisha damu tumboni, na wewe usiianze wala usiiache bila daktari anayekutibu sasa.

Vipimo vikithibitisha ninachokidhania, huenda ukapewa dawa ya kushusha lehemu, ya presha, ya kuzuia damu kuganda na ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, na pengine mshipa ukafunguliwa kwa mrija na kuwekewa kibomba cha wavu wa waya cha kuushikilia wazi. Wengi hurudi kazini na kwenye ngazi zao. Dawa za lehemu na presha ni za kila siku, kichwa kiume kisiume. Hizo za asidi ziache mpaka uulize.

Watoto wa kaka waende kupimwa lehemu, presha na sukari, na wanao pia, hata kama wote ni wembamba na wanacheza mpira. Huyo wa miaka 24 asiambiwe kwamba ataishia kama baba yake. Vijana huchoka na maneno hayo na huwasha sigara nyingine. Mwambie kwamba baada ya mwaka mmoja tu wa kuacha, hatari ya ziada aliyojiongezea hupungua kwa karibu nusu, na kwamba kwa umri wake muda wa kurekebisha upo tele. Wewe ni shangazi yake, na pengine atakusikia wewe kuliko mama yake ambaye kwa sasa ana machozi yake.

Wazee wa upande wenu wanaweza kuelezwa na daktari wa hospitali iliyouchunguza mwili, kwa ruhusa ya wifi yako, maana yeye ndiye mwenye haki ya kwanza ya taarifa ile. Ukitoka wodini, kabla hujamsomea ndugu yeyote barua hii, mpelekee yeye.

Wako katika ushauri,
Daktari